UZI: Vibao vya historia kando ya barabara, Kaunti ya Tallahatchie, Mississippi: vinavyosubiwa, vinavyosimikwa, na vinavyoharibiwa

Msoma Vibao · #1

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofuatilia vibao vya historia vijijini Marekani, hasa wale wanaoombwa na kanisa, ukoo au kamati ya mji wasaidie kusimamisha kimoja. Nachukua kaunti moja iwe darasa letu: Tallahatchie, Mississippi, kwenye nyanda za pamba zinazoitwa Delta. Pale utakuta aina zote kubwa za vibao na utakuta pia kila namna ya kuviharibu.

Barabara kuu ya 49 ukiishuka kutoka kaskazini inagawanyika Tutwiler, ikawa 49E na 49W. Hapo Tutwiler kuna kibao cha Njia ya Blues (mradi wa vibao vya historia ya muziki wa blues) kinachomhusu mwanamuziki W.C. Handy, aliyemsikia mtu kwenye kituo cha treni, mwaka 1903 hivi, akipiga gitaa kwa kuburuza kisu juu ya nyuzi. Shika 49E: Sumner, Webb, Glendora. Sumner ni mojawapo ya makao mawili ya kaunti, mengine yako Charleston. Mbele ya mahakama ya Sumner kuna kibao cha kijani cha jimbo chenye ua la magnolia juu, kinachohusu kesi ya mauaji ya Emmett Till, kilichozinduliwa 2 Oktoba 2007.

Kwa wasioijua habari yenyewe: Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, alitekwa usiku wa kuamkia 28 Agosti 1955 karibu na Money, kaunti jirani ya Leflore. Mwili wake ulionekana siku tatu baadaye katika Mto Tallahatchie, shingoni umefungwa feni ya mtambo wa kuchambulia pamba kwa waya wa miba. Kesi ilisikilizwa Sumner mwezi Septemba. Baraza la raia waamuzi (jury), wazungu watupu, likawaachia washtakiwa Roy Bryant na J.W. Milam baada ya kukaa faragha dakika 67. Januari 1956 wenyewe wakakiri katika jarida la Look, wakijua hawawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile.

Alama ya kwanza ya barabarani yenye jina la Till katika eneo hili ilikuja 2005, kipande cha 49E kilipopewa jina lake. Miaka 50 mizima. Mwaka uliofuata tayari kibao kimoja kilikuwa kimepakwa rangi herufi KKK, za kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan.

Vibao vya pale vina wenyewe wa aina tatu, na msichanganye. Vya kijani viko chini ya idara ya nyaraka na historia ya jimbo. Mpango huo ulianza 1949, maandishi hupitishwa na bodi yake na gharama hubebwa na aliyeomba. Vya Njia ya Blues na vya Njia ya Uhuru (ya historia ya harakati za haki za watu weusi) ni miradi mingine, na umbo lao ni tofauti. Vya tatu ni vya kamati ya kumbukumbu ya Emmett Till ya kaunti yenyewe. Ukikuta kibao kimeharibika, kwanza jua ni cha nani ndipo upige simu.

Karibuni wenye ufundi.

Fundi Kalibu · #2

Asante mkuu. Nianze na chuma chenyewe, ingawa si chuma, ni alumini ya kusubu, yaani inayoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, umbo la mchanga.

Vibao vingi vya majimbo ya Marekani hutoka katika karakana chache sana. Kubwa ni Sewah Studios ya Marietta, Ohio, iliyoanzishwa 1927; Sewah ni jina la mwanzilishi, Hawes, lililogeuzwa nyuma mbele. Kazi inakwenda hivi.

Kwanza kiolezo. Unakuwa na ubao wa umbo la kibao, unapanga herufi moja moja juu yake, mstari kwa mstari. Kila herufi ina pembe zilizolala kidogo, juu nyembamba kuliko chini. Pembe zikisimama wima, kiolezo kikiinuliwa kinang'oa mchanga na herufi inatoka imemegeka. Alumini ikipoa husinyaa karibu asilimia 1.3, kwa hiyo kibao cha inchi 42 (sm 107) kinahitaji kiolezo kilichozidi kwa sm 1.4 hivi. Asiyeweka nyongeza hiyo atashangaa mashimo ya boliti hayakutani na nguzo.

Pili, fremu juu ya kiolezo, mchanga laini wa kusubia unashindiliwa, kiolezo kinatolewa, nusu mbili za kalibu zinafunikwa. Kibao chenye maandishi pande mbili kinataka violezo viwili, na hapo ndipo watu hupeleka maandishi ya upande wa pili yakiwa marefu kuliko ya kwanza. Ukubwa wa herufi haubadiliki. Pimeni pande zote mbili mapema.

Tatu, kumimina. Alumini huyeyuka nyuzi 660 za Selsiasi. Humiminwa ikiwa juu ya nyuzi 700 ili ifike kwenye kona za herufi kabla haijaganda. Ikiwa baridi, utaona herufi kama R au B hazina tumbo. Ikizidi moto, inanyonya haidrojeni na uso unatoka na vitundu kama vya sindano. Vitundu hivyo rangi haivifichi. Maji hukaa humo, na baada ya miaka rangi inavimba kuanzia hapo hapo.

Nne, kusafisha, kupiga mchanga kwa upepo, praima, kisha rangi ya unga inayookwa tanurini. Mwisho rola yenye rangi ya herufi inapitishwa juu ya vichwa vya herufi tu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya herufi zilizoinuka: miaka 30 baadaye, mtu mwenye rola ndogo na mkono mtulivu anaweza kukirudishia kibao sura yake pale pale kiliposimama.

Mdau wa Maswali · #3

Fundi, kwa nini wasichapishe tu kwenye bamba? Picha zinakaa, na ni nafuu.

Fundi Kalibu · #4

Wanachapisha, mkuu, na Njia ya Blues ni mfano mzuri: mbele ni alumini ya kusubu, nyuma kuna picha na maelezo marefu yaliyochapishwa kwenye vinaili, plastiki nyembamba ya kubandika. Ule upande wa nyuma ndio unaokufa kwanza. Jua la Delta linaupausha, ukingo unaanza kubanduka, na mtu mwenye nia mbaya anamaliza kwa kucha.

Kibao cha Till kule Money, cha kwanza cha Njia ya Uhuru, kilichowekwa 2011 mbele ya mabaki ya duka la Bryant, pale kisa kilipoanzia, kimepata hilo. Mwaka 2017 kilikwaruzwa kwa kitu butu, na wiki chache baadaye vinaili yote ya nyuma ikachunwa, picha na maneno yakaondoka. Bamba la alumini lilibaki limesimama bila neno upande ule.

Ushauri: ukilazimika kutumia vinaili, faili la uchapaji likae sehemu mbili, pamoja na vipimo na jina la rangi. Kuchapa upya ni kazi ya siku chache kama faili lipo. Kama halipo, unaanza kuomba ruhusa za picha upya kwa kila mwenye picha.

Nguzo na Zege · #5

Niingie kwenye usimikaji, kwa sababu vibao vingi vinavyoegama havina kosa juu, kosa liko ardhini.

Udongo wa Delta ni mfinyanzi mzito. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia. Nguzo iliyowekwa kwenye zege la juu juu itainama msimu wa kwanza wa kiangazi. Shimo liwe na kipenyo cha sm 30, kina sm 90, na chini lipanuliwe kidogo kuliko juu. Wengi hufanya kinyume: mdomo mpana, chini nyembamba, mfano wa uyoga. Mfinyanzi ukivimba unaushika ule mdomo na kuunyanyua, na kila mwaka nguzo inapanda kidogo.

Hesabu ya zege: shimo hilo likitoa nguzo ya inchi 3 linabakiza karibu lita 60. Mfuko wa zege kavu wa ratili 80 (kilo 36) hutoa lita 17 hivi. Nunua mifuko minne, na wa tano kwa ule upanuzi wa chini. Changanya kabla ya kumimina. Kumwaga unga mkavu shimoni na kuutilia maji juu huacha mifuko ya unga usioshika.

Alumini na zege bichi havipatani. Zege bichi ni kali, linaila alumini. Sehemu ya nguzo itakayozama ipakwe lami ya maji, mara mbili, ikauke kabisa, na ipande sm 5 juu ya uso wa zege. Uso wa zege uwe na mteremko kutoka kwenye nguzo kwenda nje, maji yasitulie shingoni.

Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na washa ya nailoni katikati. Boliti ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini kwenye unyevu, alumini inaliwa ikizunguka boliti mpaka tundu linakuwa pana. Tumia vichwa vinavyohitaji spana maalumu, maana wapo wanaoiba vibao kuuza kama alumini chakavu. Tegemeza nguzo kwa mbao siku mbili, na bamba usilitundike mpaka zege litimize wiki.

Kabla hamjatia koleo ardhini, pigeni 811. Ni namba ya nchi nzima, haina malipo, na wenye mabomba ya gesi, maji na nyaya watakuja kupaka alama mahali njia zao zinapopita. Kando ya barabara za vijijini nyaya za simu zimezikwa kina kidogo sana.

Msoma Vibao · #6

Nguzo na Zege umemaliza. Naongeza ruhusa. Ukingo wa barabara kuu ni mali ya jimbo, na unaomba idara ya barabara. Barabara ya kaunti ni ya baraza la wasimamizi wa kaunti, ambalo Mississippi lina watu watano, kila mmoja na eneo lake; anza na yule ambaye barabara iko kwake. Shamba la mtu unahitaji maandishi yaliyosajiliwa mahakamani, si neno la mdomo. Mwenye shamba akifa au akiuza, kibao kilichokaa kwa ahadi ya mdomo kinaweza kuamkia kwenye korongo.

Halafu mahali pa kusimama gari. Kanuni ya alama za barabarani Marekani inahesabu kwamba herufi ya inchi 1 husomeka kutoka futi 30, yaani mita 9. Gari la maili 55 kwa saa linakwenda karibu mita 25 kwa sekunde. Maana yake dereva ana chini ya nusu sekunde kusoma maneno 100 yanayohitaji nusu dakika. Bila kituo cha kupaki, kibao hicho ni pambo, na tena ni hatari, kwa sababu wenye moyo wa kusoma watafunga breki. Nafasi iwe ya magari mawili angalau, kokoto zilizoshindiliwa, na dereva akitoka aone mita za kutosha pande zote mbili. Kama nafasi hiyo haipo mahali tukio lilipotokea, sogezeni kibao na muandike umbali na upande: "maili 2 mashariki ya hapa". Msiache msomaji adhani amesimama mahali penyewe.

Bi Maandishi · #7

Hapo kwenye maneno naomba nikae kidogo, kwa sababu alumini ikiganda neno haliombewi radhi.

Nendeni jimbo jirani la Louisiana, parokia ya Grant. Parokia kule ni sawa na kaunti. Mji wa Colfax, Jumapili ya Pasaka, 13 Aprili 1873, kundi la wazungu wenye silaha liliua watu weusi kwa makumi, wengi wao wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1950 jimbo likaweka kibao kikiita mauaji yale "ghasia", kikataja wazungu watatu na Wanegro 150 waliouawa, kisha kikasema siku ile ilikuwa mwisho wa utawala mbovu wa wageni wa kaskazini katika Kusini. Kibao kile kilisimama mpaka Mei 2021. Miaka 70 kila mtoto aliyepita pale alisoma kwamba wauaji waliwafanyia watu hisani. Tarehe ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa kwenye nomino moja na sentensi moja ya mwisho.

Sasa linganisheni na kile cha kijani cha Sumner. Kina maneno chini ya 100. Kinataja umri wa mtoto, rangi yake na mji wake, kinataja mto, kinasema baraza lilikuwa la wazungu watupu, kinawataja watuhumiwa kwa majina, kinasema waliachiwa, na kinasema baadaye walikiri. Hakuna kivumishi cha kulia, na hakuna kitenzi kilichofichwa mtendaji.

Hapo ndipo pa kukagua rasimu. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa: "aliuawa", "walifukuzwa", "kanisa lilichomwa". Kila kimoja jiulize: na nani? Kama nyaraka zinajibu, jibu liingie. Kama hazijibu, andika wazi kwamba hakuna aliyeshtakiwa, maana hiyo nayo ni habari. Maneno ya mwisho ya kibao yakianza na "mwisho wa", "mwanzo wa" au "yakaleta", soma mara tatu. Sehemu hiyo ndiyo wachache huikagua na ndiyo inayobeba hukumu.

Kila tarehe, jina na namba viwe na nyaraka ya wakati ule: gazeti la wiki ile, kumbukumbu ya mahakama, hati ya ardhi, sensa. Kitabu cha miaka 80 baadaye hakitoshi peke yake. Ukimaliza, mpe mtu mwingine asome rasimu kinyumenyume, neno la mwisho kwenda la kwanza. Makosa ya herufi huonekana hivyo, kwa sababu jicho halina sentensi ya kulibeba.

Mdau wa Maswali · #8

Bi, na kosa likigunduliwa baada ya kusubu?

Bi Maandishi · #9

Herufi moja au tarakimu: fundi anaisaga, anabandika kipande kidogo cha alumini chenye herufi sahihi, anapaka rangi. Kitaonekana ukisogea, lakini kitadumu. Neno zima au sentensi: subu upya. Msikubali kibandiko cha kufunika mstari mzima, mvua tatu na kinaning'inia.

Delta 49E · #10

Wakuu, mmezunguka bila kufika mtoni, na ndipo penye somo kubwa la kaunti hii.

Graball Landing ni kituo cha zamani cha mashua kwenye Mto Tallahatchie, karibu na Glendora, njia ya kokoto, mashamba pande zote, hakuna nyumba inayotazama. Kamati ya kaunti iliweka kibao hapo kueleza kwamba mwili wa Till uliopolewa mtoni. Kuhusu nukta yenyewe ya ukingo watafiti wanabishana, na hilo nalo ni la kuzingatia mnapochagua maneno.

Kibao cha kwanza kiling'olewa 2008 kikatupwa mtoni. Cha pili kikapigwa risasi mpaka matundu 317; picha yake ikasambaa 2016, kikaondolewa. Cha tatu kikawekwa Juni 2018. Siku 35 baadaye kilikuwa kimetobolewa tayari. Cha nne kilizinduliwa 19 Oktoba 2019, cha chuma, zaidi ya ratili 500, unene zaidi ya inchi moja, kikiwa na kamera na king'ora. Wiki chache tu baadaye kundi la wazalendo wa kizungu lilifika kujirekodi mbele yake, king'ora kikalia, wakakimbia.

Tangu 25 Julai 2023, siku ambayo Till angetimiza miaka 82, mahali hapo pamoja na mahakama ya Sumner na kanisa la Roberts Temple la Chicago, alikoagwa Till, ni mnara wa taifa, chini ya idara ya hifadhi za taifa.

Angalieni mtiririko huo kama fundi: cha kwanza kilishindwa kwenye nguzo, cha pili na cha tatu vilishindwa kwenye bamba. Na vyote vitatu vilishindwa na mahali: penye kificho, mpigaji ana muda wa kutosha. Cha Sumner kiko mbele ya mahakama, kwenye uwanja wa mji wenye macho ya watu.

Fundi Kalibu · #11

Niseme kuhusu chuma hicho, kwa sababu kamati nyingine zinauliza. Bamba ni AR500, chuma kigumu kinachotumika kwenye shabaha za mazoezi ya bunduki na kwenye vitanda vya malori ya machimbo. Mbele yake kuna akriliki inayobadilishwa. Mpango ni kwamba risasi itaharibu akriliki, bamba litabaki, na kesho yake unafunga akriliki nyingine.

Tahadhari nne. Uzito: bamba la nusu inchi ni karibu kilo 100 kwa mita mraba, alumini ya unene huo ni 34. Nguzo moja ya inchi 3 haitoshi, unahitaji mbili za chuma na zege mara kadhaa ya lile la #5, na kreni ndogo au trekta ya kunyanyua.

Joto: ugumu wa AR500 umetokana na kupozwa ghafla. Ukiuchomelea, ukanda unaozunguka mchomeleo unalainika na risasi itapita hapo hapo. Kata kwa maji ya shinikizo ukiweza, toboa mashimo kabla ya kufunga, tumia boliti. Mchomeleo uwe kwenye fremu ya nyuma tu.

Vipande: risasi ikigonga chuma kigumu husambaratika na kuruka pembeni. Msiweke benchi wala kibao kingine sambamba na bamba hilo.

Kutu: AR500 hushika kutu haraka kama chuma chochote. Kingo za akriliki ziache upenyo wa mm 3 chini ili maji yatoke, na akriliki yenyewe itatanuka kwenye joto, kwa hiyo mashimo yake yawe mapana kuliko boliti. Ukiikaza kama chuma itapasuka kuanzia kwenye tundu bila risasi yoyote.

Nguzo na Zege · #12

Usafi wa kawaida kwa vibao vya alumini: maji, sabuni isiyo kali, brashi laini, mara moja kwa mwaka. Mashine ya maji ya shinikizo inanyanyua rangi ya unga pale ilipopasuka. Brashi ya waya marufuku. Rangi ikianza kuacha unga mkononi ukigusa, ndio wakati wa kupanga kuipaka upya, msingoje ibanduke.

Mdau wa Maswali · #13

Na kibao kilichotobolewa kikishushwa, kinafanywaje? Kinauzwa chakavu?

Delta 49E · #14

Hapana ndugu. Kile cha matundu 317 kilipelekwa Washington, kikaonyeshwa 2021 katika jumba la makumbusho ya historia ya Marekani la Smithsonian, kikiwa na matundu yake yote. Namba hiyo ipo kwa sababu mtu alikaa akahesabu.

Kwa hiyo utaratibu: usiguse kwanza. Piga picha mbele, nyuma, na nguzo, ukiweka rula kwenye fremu ya picha. Andika tarehe, saa, na mahali kwa namba za ramani. Toa taarifa kwa sherifu wa kaunti upate namba ya jalada; bila hiyo bima na mwenye kibao hawana pa kuanzia. Hesabu matundu, ya kuingilia na ya kutokea, kwa chaki, ili usirudie moja mara mbili. Ganda za risasi zilizo chini ni za polisi, ziache. Ndipo ufungue boliti, ulifunge bamba kwa blanketi bila kulisafisha, ulihifadhi pakavu. Rangi iliyokunjika kwenye ukingo wa tundu inaonyesha risasi ilitoka upande gani, na kitambaa chenye sabuni kinaiondoa kwa mara moja.